Simu Iliyoachwa na Kampuni Inaweza Kuwa Daftari la Kikundi



Katika vikundi tunavyovitembelea, daftari limehama. Zamani lilikuwa kitabu kikubwa cha jalada gumu, kinalala ndani ya sanduku la kufuli tatu, na funguo ziko kwa watu watatu. Siku hizi liko ndani ya simu ya katibu. Humo mna majina ya wanachama, nambari za vitambulisho, nambari za simu, nani ameweka akiba ngapi, nani amekopa na nani hajarudisha. Lile sanduku bado lipo, lakini ukilifungua mara nyingi utakuta muhuri na kalamu tu.

Sasa, simu yenyewe ni ya namna gani? Mara nyingi ni ile ambayo mtoto aliyeko Nairobi aliinunua ikiwa mpya miaka minane au tisa iliyopita, akaitumia, akaichoka, akaituma nyumbani. Inapiga, inapokea, kioo kina ufa kidogo pembeni. Watu wanasema ni nzima. Kwa upande wa vyuma ni nzima kweli. Shida iko kwa programu.

Kampuni inayotengeneza simu huendelea kuirekebisha programu yake kwa muda fulani tu. Wezi wa mitandao hutafuta matundu kila siku, na kampuni huyaziba. Muda ukiisha, kampuni inaacha kuziba, na simu haikuambii kitu. Inaendelea kuwaka kama jana. Kwa simu nyingi za bei nafuu muda huo umekuwa miaka miwili au mitatu, wakati mwingine hata chini ya hapo. Baadaye programu mpya zinaanza kuikataa, zikisema simu hii ni ya zamani mno. Hapo ndipo watu huitupa kwenye droo na kutafuta pesa za nyingine.

Hili si jambo la mzaha. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 hapa Kenya inamtaka yeyote anayeshika habari za watu azitunze kwa usalama. Kikundi chenye nambari za vitambulisho vya wanachama thelathini kinashika mali ya watu, hata kama hakina shilingi moja benki. Mtu akipata orodha kama hiyo, na akajua pia nani ana akiba ngapi, atapiga simu kwa mama mmoja mmoja akijifanya mweka hazina.

Tunataka kueleza njia moja ya kuitumia tena simu ya namna hiyo. Si ya kila simu, wala hatusemi ni rahisi. Njia yenyewe ni kuondoa programu ya zamani na kuweka Linux inayotunzwa na jamii ya watu wanaojitolea.

Injini na mashine ya posho

Wengi wenu mnaijua injini ya dizeli. Ukiifunga kwa mkanda na mawe, inasaga mahindi. Injini ile ile ukiifunga kwa pampu, inavuta maji. Lakini injini peke yake ikiwa imekaa chini haikupi unga.

Linux ni injini ya namna hiyo. Ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo mwanafunzi wa chuo kikuu huko Finland. Hakuifungia. Aliwaachia watu wote maandishi ya programu yake, na tangu 1992 sharti ni kwamba mtu anaweza kuisoma, kuibadilisha na kuigawa, mradi naye akiigawa asiwafungie wengine. Hata simu zenu za Android, ndani yake kuna injini hiyo hiyo.

Ili itumike, injini inahitaji mkanda, mawe na mahali pa kumimina mahindi. Kazi ya kuunganisha vitu hivyo vyote hadi mtu apate kitu cha kutumia inafanywa na makundi mbalimbali, na kila kundi linatoa mkusanyo wake wa Linux. Mikusanyo mingine ni ya makampuni. Mingine ni ya jamii: watu waliotawanyika duniani, wengi hawalipwi, wanagawana kazi, wanapiga kura, wanagombana, wanapatana. Debian, iliyoanza mwaka 1993, ni mmoja wa ya zamani na bado iko. Haina mwenyewe wa kuiuza. Nyinyi mliochimba mfereji wa maji kwa zamu, kila boma siku yake, mnajua jambo hili linavyokwenda, pamoja na wale wanaokosa kuja zamu yao.

Wazo la kuweka Linux kwenye kompyuta ya kutoshea kiganjani si la jana. Compaq ilipotoa iPAQ mwaka 2000, watu wa kujitolea waliiondoa programu iliyokuja nayo na kuweka mkusanyo walioutengeneza wenyewe, ulioitwa Familiar. Mwaka 2002 Sharp ya Japani ilitoa Zaurus SL-5500 ikiwa na Linux tayari, na hata hiyo ikapata mkusanyo wa jamii, OpenZaurus.

Lakini cha kutugusa sisi zaidi ni kile cha Uhindi. Mwaka 2001 walimu wa Taasisi ya Sayansi ya Uhindi iliyoko Bangalore, pamoja na kampuni ya Encore, walionyesha kompyuta ya mkononi waliyoiita Simputer. Ilitumia Linux. Walikusudia iuzwe kwa kama dola 200 za Marekani, na walijua kwamba hata bei hiyo mkulima hawezi. Kwa hiyo waliweka mahali pa kuingiza kadi. Kijiji kinanunua chombo kimoja, na kila mtu anakuwa na kadi yake ndogo yenye mambo yake. Ukimaliza kutumia unaichomoa kadi na kwenda nayo, na jirani anaingiza yake. Ni fikira nzuri sana, na tunaona haya kusema kwamba haikufaulu sokoni. Ilipoanza kuuzwa mwaka 2004 simu za mkononi zilikuwa zinashuka bei kila mahali, na vyombo vilivyouzwa vilikuwa vichache mno kuliko walivyotarajia. Chombo cha kijiji kilishindwa na chombo cha mtu mmoja mmoja.

Kwa nini kampuni huacha simu mapema

Kuna jambo hapa linalohitaji kuelezwa polepole kidogo.

Kampuni inapotengeneza simu huchukua injini ya Linux kama ilivyo mwaka huo, inaikatakata na kuiongezea vipande ili ikubaliane na chipu, kamera na kioo cha simu hiyo moja. Vipande hivyo havirudishwi kwa watu wanaoitunza injini kubwa. Mwaka unaofuata injini kubwa imeendelea mbele, imezibwa matundu mengi, lakini ile ya simu yako imebaki pale ilipokatwa. Kuileta mbele ni kazi ya kukatakata upya, na kampuni haioni faida, kwa sababu simu yako uliishailipia. Zidisha hayo kwa mamia ya aina za simu, kila moja na injini yake iliyokatwa kivyake.

Mwaka 2017 mtu mmoja aitwaye Oliver Smith alitangaza mradi unaoitwa postmarketOS. Maana ya jina ni mfumo wa baada ya soko, yaani wakati muuzaji amekwisha kuondoka. Lengo walilojiwekea ni simu iweze kutumika miaka kumi. Walijenga juu ya mkusanyo mwingine wa jamii uitwao Alpine, ambao ni mdogo sana: msingi wake, kabla hujaongeza injini na sura ya kioo, ni megabaiti chache tu.

Njia yao ni kinyume cha ile ya kampuni. Karibu kila kitu ni kimoja kwa simu zote. Kinachotofautiana ni kifurushi kidogo tu chenye mambo ya simu fulani. Na pale wanapoweza, wanachukua vile vipande vya chipu na kuvirudisha kwenye injini kubwa, ili injini kubwa yenyewe iijue simu hiyo. Ikishajulikana, tundu likizibwa mahali pamoja limezibwa kwa wote, kwa simu ya 2015 na ya 2020. Kwa kawaida hutoa toleo jipya mara mbili kwa mwaka, na jina la toleo ni mwaka na mwezi wake.

Programu yenyewe hailipiwi. Gharama zenu ni intaneti, nauli, na muda wa yule mtu atakayeifanya kazi.

Si kila simu

Hapa ndipo wengi watakata tamaa, na ni afadhali mkate tamaa sasa kuliko baada ya kutumia pesa.

Mamia ya aina za simu zimewahi kuwashwa na postmarketOS, lakini kuwaka si kutumika. Nyingine zinaonyesha maandishi kwenye kioo basi, hazishiki mtandao, hazitoi sauti. Zinazotumika vizuri ni chache. Kati ya zile zinazoweza kupatikana kwetu kuna Samsung Galaxy A3 na A5 za mwaka 2015, na OnePlus 6 na Poco F1 za mwaka 2018. Iko pia PinePhone, iliyoanza kutumwa kwa wanunuzi mwaka 2020, ambayo ilitengenezwa makusudi kwa mikusanyo ya jamii. Hiyo betri yake hutoka kwa mkono, na chini ya mfuniko ina vibonye vidogo vya kuzima maikrofoni, kamera na mtandao. Lakini haiko katika maduka yetu.

Tecno, itel na Infinix, ambazo ndizo zilizojaa vijijini, nyingi zinatumia chipu za MediaTek na Unisoc, na ni chache sana zilizowahi kushughulikiwa. Kama simu ya kikundi ni mojawapo ya hizo, msimpe fundi pesa ajaribu.

Halafu jina la dukani halitoshi. Samsung Galaxy S4 ya mwaka 2013, kwa mfano, iliuzwa kwa jina moja, lakini yenye nambari I9500 na yenye nambari I9505 zina chipu tofauti kabisa ndani. Programu ya hii ukiiweka kwa ile unaweza kuiua. Tazameni ndani ya mipangilio, mahali pa habari za simu, mwandike nambari yote na herufi zake zote.

Na kama simu ilichukuliwa kwa mkopo wa kulipa kidogo kidogo na deni halijaisha, iacheni kabisa. Simu hizo zimefungwa na mwenye kukopesha, na mpaka umalize kulipa bado si yako ya kuchezea.

Kazi yenyewe

Inahitaji kompyuta ya kawaida, waya mzuri wa data, na kijana aliyezoea kompyuta. Wengi wa waliosoma vyuo vya ufundi wanaweza, wakisoma maelezo pole pole. Kwenye kompyuta yenye Linux kuna chombo cha jamii hiyo kinachoitwa pmbootstrap, ambacho kinakuuliza maswali: simu gani, sura gani ya kioo, neno gani la siri, halafu kinaandaa kila kitu. Kwa simu zinazotumika zaidi yako pia mafaili yaliyokwisha kuandaliwa. Ukubwa wake ni mamia ya megabaiti, kwa hiyo ni afadhali kuyapakua mjini penye mtandao wa bure au wa bei ya chini.

Kila simu ina programu ndogo inayoamka kwanza kabla ya kitu kingine, kama bawabu wa lango. Huyo ndiye anayeamua nani aingie. Kampuni nyingine zinamruhusu mwenye simu kumfungua, nyingine hazimruhusu. Kwenye Samsung A5 tuliyoifanyia kazi mwaka jana pamoja na kijana wa parokia, simu ilizimwa, kisha ikawashwa huku vibonye vitatu vimeshikwa pamoja: cha kupunguza sauti, cha katikati na cha kuwashia. Ikaingia hali ya kupokea, na kutoka hapo kompyuta ikaiwekea bawabu mwingine wa jamii, ndipo mfumo ukafuata. Kila kitu kilichokuwamo kilifutika. Picha, ujumbe, majina, vyote. Kwa hiyo kabla ya kuanza, hamisheni vyote mnavyovitaka, na mwenye simu awe amekaa hapo anaona.

Simu iliwaka. Mtandao wa wi-fi ulishika, sauti ilitoka, kuandika ni sawa. Kamera haikufanya kazi. Tulichagua sura ya kioo iitwayo Phosh, ambayo ina vitufe vikubwa vya kutosha kidole cha mtu aliyezoea jembe. Iko nyingine, Plasma Mobile, inapendeza macho zaidi lakini kwenye simu hiyo tuliiona nzito.

Kwa hesabu tuliweka Gnumeric, ambayo ni lahajedwali, yaani karatasi ya mistari na safu inayojumlisha yenyewe. Safu ya kwanza jina, ya pili akiba ya mwezi, ya tatu mkopo, ya nne riba, na chini jumla. Ukikosea tarakimu moja unairekebisha, na jumla inajirekebisha. Kwa kikundi cha watu thelathini hiyo inatosha, wala hakuna haja ya programu kubwa zaidi.

Mtauliza kuhusu lugha. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye maandishi ya Kiswahili kutoka juu hadi chini, na ikaonekana wazi kwamba lugha yetu inatosha kwa kazi hiyo. Lakini kutafsiri ni kama kupalilia, ukiacha msimu mmoja magugu yanarudi. Katika simu hii tulikutana na Kiingereza kila mahali. Tuliandika majina ya safu kwa Kiswahili sisi wenyewe, na maneno matano sita ya kioo tukayabandika kwa karatasi nyuma ya simu.

Pesa isiingie humo

Tunasema hivi kwa sauti kubwa. M-Pesa ya kikundi isikae kwenye simu hii. Programu za benki na za pesa hazikutengenezewa mfumo huu. Hata kupiga simu kwa kawaida, kwa aina nyingine kunafanya kazi leo na kesho kunakataa baada ya masasisho. WhatsApp pia haina programu yake hapa. Laini ya pesa ibaki kwenye kabambe ya mweka hazina, ambayo inakaa na chaji siku tatu na haijui mambo mengi. Simu hii ya Linux haihitaji hata laini. Ni daftari. Inawashwa siku ya mkutano, inaandikwa, inazimwa. Mara moja kwa mwezi ipelekwe penye wi-fi ipokee masasisho yake.

Wakati wa kuweka mfumo mnaweza kuchagua kufunga mambo yote kwa neno la siri. Chagueni hivyo. Mwizi akiichukua ikiwa imezimwa hatasoma jina hata moja. Lakini neno hilo likipotea, hata nyinyi hamtasoma, na hakuna ofisi ya kwenda kuomba lirudishwe. Kikundi kimoja kilifanya hivi: katibu na mwenyekiti wanalijua, na limeandikwa kwenye karatasi ndani ya bahasha iliyotiwa sahihi mgongoni na wanachama watatu, ikarudishwa ndani ya lile sanduku la kufuli tatu. Tulifurahi kuona sanduku limepata kazi tena.

Kila baada ya mkutano, hesabu inakiliwa kwenye kadi ndogo ya kumbukumbu ambayo haikai na simu. Nayo ifungwe kwa neno la siri, la sivyo mmemwachia mwizi mlango wa nyuma. Na jumla ya siku hiyo inaandikwa kwa kalamu kwenye kitabu, na wanachama wawili wanatia sahihi. Siku simu na kitabu vikitofautiana, kitabu ndicho kinachofuatwa mpaka tofauti ijulikane ilipotoka. Akina mama ambao hawakusoma sana wana haki ya kuona fedha zao mahali ambapo wanaweza kuweka kidole.

Kikundi kinachotaka kujaribu kilete simu kwenye ofisi ya maendeleo ya parokia, pamoja na chaji yake na ile nambari iliyoandikwa yote. Kabla ya kuileta, ilazeni juu ya meza iliyo sawa na muizungushe kwa kidole. Ikizunguka kama pia, au kioo kikiwa kimeinuka upande mmoja, betri imevimba. Hiyo msiichaji tena, msiitoboe, msiitupe motoni wala chooni. Iwekeni nje ya nyumba penye kivuli, mbali na watoto, mtuarifu tuiunganishe na vifaa vingine vinavyopelekwa WEEE Centre ya Nairobi, wanaopokea taka za umeme.